Kazi ya Usiku Katika Raven Rock

Washairi wetu wa kale walijua njia ya kuongeza juu ya kazi ya mtu mwingine pasipo kuiharibu. Mshairi alitwaa ubeti wa mtangulizi wake, ubeti wa mishororo miwili, akatanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe, ikawa mitano. Na utungo uliopatikana ukaitwa takhmisa. Takhmisa ya Liyongo, ambayo wataalamu wengi huinasibisha na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ndiyo mfano tuujuao zaidi. Ugumu wa kazi hiyo haukuwa katika kutafuta vina. Ulikuwa katika jambo hili: mishororo mipya husomwa kabla ya ile ya zamani, ikaitengenezea njia, hata maneno ya mtu aliyekwisha kufa yakapata kusema neno ambalo labda yeye hakulikusudia. Aliyeongeza vibaya aliacha mshono unaoonekana. Aliyeongeza vizuri alimfanya msomaji asiweze tena kuusoma ubeti wa kwanza peke yake.

Naanza hapo kwa kuwa nataka kutumia kipimo hicho kwa kazi ya namna nyingine kabisa, ambayo baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi huenda wakaona haistahili wino wa mhakiki: nyongeza ya mchezo wa kompyuta. Michezo ninayoisema ni ya jamii ile ambamo mchezaji hujivika uhusika wa mtu mmoja katika nchi ya kubuni, yenye majoka na wachawi, akaenda apendako, akasema na watu, akapigana, akachagua. Mchezo ukishauzwa, watungaji wake hurudi baada ya miezi au mwaka wakauza nyongeza: kisiwa kipya, watu wapya, visa vipya, navyo haviwezi kuchezwa ila juu ya mchezo wa kwanza. Wanaozoea kusoma Kusadikika ya Shaaban Robert hawana haki ya kushangaa kwamba nchi isiyokuwako yaweza kubeba mambo mazito ya nchi iliyoko.

Kisa changu kiko katika nyongeza mbili za kampuni ya Bethesda ya Marekani. Ya kwanza ni Bloodmoon ya mwaka 2003, iliyoongezwa juu ya mchezo wa Morrowind wa mwaka 2002. Ya pili ni Dragonborn ya Desemba 2012, iliyoongezwa juu ya Skyrim wa mwaka 2011. Zote mbili humpeleka mchezaji katika kisiwa kimoja cha baridi kiitwacho Solstheim, na katika kijiji kimoja cha machimbo kiitwacho Raven Rock. Ila kati ya safari ya kwanza na ya pili, kwa hesabu ya nchi ile, imepita miaka kama mia mbili. Mimi nimezicheza nikiwa mwalimu katika Rwamgasa, kijiji cha dhahabu kilicho kusini-magharibi ya mji wa Geita. Sikukusudia kulinganisha. Lakini mtu hawezi kukaa mahali ambapo mlio wa karasha haunyamazi mchana wala usiku, kisha akatazama kijiji cha machimbo katika kioo cha kompyuta kana kwamba hajui machimbo ni nini.

Katika Bloodmoon, Raven Rock haipo bado. Kampuni ya Dola ya Mashariki, ambayo ni mkono wa biashara wa dola kubwa, imepata habari ya madini meusi, na mchezaji huajiriwa kusaidia. (Madini hayo wameyaita kwa jina la mpingo, sisi tunaoujua mpingo kuwa mti wa vinyago yatubidi kulisahau jambo hilo kwa muda.) Mchezaji hupeleka habari, hutatua shida, huondoka, hurudi baada ya siku chache, naye hukuta nyumba zimesimama mahali palipokuwa theluji tupu. Huulizwa kama kijiji kipate kwanza duka au mhunzi. Huambiwa amchunguze mchimbaji anayeshukiwa kuiba mawe. Juu ya yote, hulazimika kuchagua kati ya wakubwa wawili: Falco Galenus, msimamizi akaaye pale pale na wafanyakazi, na Carnius Magius, mwakilishi wa Kampuni akaaye ngomeni, ambaye mfuko wake uko karibu na moyo wake kuliko kijiji. Mwishowe mchezaji hupandishwa cheo na kupewa nyumba.

Sioni haya kusema kwamba visa hivi, ambavyo wengi waliviona vidogo kando ya hadithi ya mbwa-mwitu iliyo kiini cha Bloodmoon, ndivyo vilivyo bora katika nyongeza nzima. Ndani yake mchezo umekubali kuhesabu. Kuna mzigo usiofika, kuna mlinzi anayehitajiwa, kuna jiwe lililotoka shimoni na ambalo halikufika ghalani. Mtungaji aliyeandika hivyo alikuwa ameelewa kwamba kijiji cha machimbo hakizaliwi na jiwe, bali na mapatano juu ya jiwe: nani achimbe, nani auze, nani akae ngomeni. Hapa Rwamgasa mapatano hayo kila mtoto ayajua. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara, na kuna wachimbaji wanaoshuka. Na mchimbaji hangoji mshahara bali hungoja mgao wa mifuko ya mawe. Duara likitoa, hupata. Lisipotoa, amekula ugali wa mwenye duara na kupoteza miezi yake.

Sasa tuje kwenye nyongeza ya pili, ambayo kwa kipimo cha takhmisa ilikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa kuwa ilipaswa kuongeza juu ya Skyrim na juu ya Bloodmoon kwa wakati mmoja. Mchezaji hushuka katika gati ya Raven Rock, naye hukikuta kijiji alichokijenga miaka tisa iliyopita kwa hesabu yetu. Volkano kubwa ya nchi ya jirani imelipuka. Majivu yamefunika upande wote wa kusini wa kisiwa, theluji imebaki kaskazini tu. Kampuni imeondoka, na kijiji sasa ni cha watu wa Morrowind chini ya diwani Lleril Morvayn. Mgodi umefungwa, madini yamekwisha, ndivyo wasemavyo. Watu wamebaki kwa sababu hawana pa kwenda, na ukuta uliojengwa kuzuia majivu unahitaji kutengenezwa.

Mpaka hapo takhmisa ni nzuri sana. Nilipotembea katika majivu yale niliutazama upya mchezo wa zamani. Duka nililolichagua lilikuwa limechaguliwa kwa ajili ya nini? Nyumba niliyopewa kwa utumishi wangu ilikuwa nyumba ya nani? Nyongeza haisemi maneno mengi juu ya hayo. Inakuonyesha mlango wa mgodi na kukuacha.

Karibu na mlango huo yuko mzee Crescius Caerellius, mchimbaji wa zamani, akigombana na mkewe kwa sababu angali anashuka shimoni. Babu wa baba yake, Gratian, alifia humo katika siku za Kampuni. Kampuni ilisema mwamba uliporomoka. Crescius hasadiki. Mchezaji hushuka badala yake, hupita chini ya machimbo, huingia katika kaburi la kale, huikuta mifupa ya Gratian pamoja na maandishi yake, na kando yake upanga wa ajabu utoao mapigo ya nuru, ambao ndio ufunguo wa mlango ulio mbele. Hurudi juu na maandishi. Imethibitika kwamba Kampuni ilidanganya. Baada ya muda mgodi hufunguliwa tena, na wachimbaji huonekana ndani wakiwa na sululu.

Msomaji aliyezaliwa katika ukanda huu hawezi kusikia kisa cha mtu aliyefia shimoni na habari yake ikabishaniwa, asikumbuke mambo ya kwetu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Wako waliodai kwamba wengine walifukiwa wangali ndani, na serikali na kampuni iliyohusika zikalikana dai hilo, na ubishi ukaendelea kwa miaka mingi. Sihukumu jambo lile hapa. Nasema tu kwamba kumwandika mzee ambaye hataki kuondoka mlangoni mwa mgodi mpaka ajue jamaa yake alikufaje ni kugusa kitu kilicho hai, na walioandika Dragonborn walikigusa. Kisha wakakiacha, wakaushika upanga.

Hili ndilo kosa la kwanza, nalo ni la kale kuliko kompyuta. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Afrika Mashariki kilisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1929. Kichwa chake ni mashimo. Lakini katika hadithi ile hatumwoni mchimbaji akichimba. Tunaona chumba cha hazina, mlango wa jiwe unaojifunga, na msafiri anayetoka akiwa na almasi mifukoni. Shimo limekuwa kabati. Wazungu wa hadithi za bahati nasibu wameona kila mara kwamba ardhi ya mbali ni kabati la mtu aliyekufa, na kazi ya shujaa ni kutafuta ufunguo. Bloodmoon ilikuwa imetoka katika njia hiyo kwa hatua moja au mbili, Dragonborn imerudi. Mgodi wa Raven Rock haufunguliwi kwa sababu mtu ameleta miti au pampu au mkopo. Hufunguliwa kwa sababu shujaa amepita chini yake na kutokea upande wa pili.

Tena neno lenyewe «madini yamekwisha» limechukuliwa kwa wepesi. Katika Raven Rock jambo hilo ni kweli au ni uongo, basi. Hapa kwetu kuna jibu la tatu. Mgodi mkubwa wa Geita wa wakati wa ukoloni ulianza miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, na katika vilima vile vile mgodi mwingine mkubwa zaidi ukafunguliwa mwaka 2000. Dhahabu haikurudi, ilikuwapo. Kilichobadilika ni bei, mitambo, na fedha za kungojea. Kwa mchimbaji wa duara mambo ni hayo kwa kipimo kidogo. Mwamba ukifika kwenye maji na fedha ya pampu hakuna, duara limekwisha. Matimba yakioza na mwenye duara hana ya kununulia mengine, duara limekwisha. Hata mchanga uliokwisha kusagwa katika karasha, ukaoshwa mialoni na kukamuliwa kwa zebaki, yaani marudio, umekwisha kwa yule aliyeuosha kwa mikono; lakini mwenye mtambo wa kuchenjulia kwa sianidi huyanunua na kuyatoa dhahabu ambayo mwenzake aliiacha. Kwa hiyo asemaye kwamba madini yamekwisha yatupasa kumwuliza: yamekwisha kwa nani? Crescius angeweza kuuliza swali hilo. Alikuwa na umri wake, alikuwa na uchungu wake, na alikuwa ameshuka mara nyingi kuliko wote. Hakupewa.

Lakini sijafika bado kwenye sababu iliyonifanya niandike. Iko sehemu nyingine ya Dragonborn, mbali na mgodi, ambayo naiona kuwa miongoni mwa mambo mazito zaidi yaliyowahi kutiwa katika michezo ya namna hii, nayo ni kazi ya usiku.

Adui mkuu wa nyongeza ni Miraak, mtu wa zamani sana aliyekuwa na nguvu za majoka, naye anataka kurudi duniani. Ili arudi, sharti hekalu lake lijengwe na mawe ya uchawi yaliyotawanyika kisiwani yazungukwe kwa majengo. Basi watu wa Raven Rock, wakilala, huinuka. Huenda mpaka kwenye jiwe lililo nje ya kijiji, wakajenga, wakinong'ona maneno yasiyo yao. Asubuhi huwa hawakumbuki. Wanajua tu kwamba hawajapumzika. Na mchezaji akiligusa jiwe lile, mikono yake haimtii tena. Anamtazama mtu wake mwenyewe akipiga nyundo pamoja na wengine. Mchezo huu, ambao fahari yake yote ni kwamba waweza kwenda popote na kufanya upendalo, hukunyang'anya mikono. Hakuna hotuba ingeweza kusema hivyo vizuri zaidi.

Jioni moja jirani yangu, mchimbaji aliyeshuka maduara kwa zaidi ya miaka kumi, alikaa nami akatazama. Mgodi wa Raven Rock ulimchekesha. «Matimba yale ni mazuri kuliko yetu, mwalimu,» alisema, «na mgodi wenyewe wameufunga.» Tulipofika kwenye jiwe alinyamaza. Akauliza, «Hawa wamelala?» Nikamjibu kwamba wamelala. Akauliza tena, «Na asubuhi wanakwenda kazini?» Nikamwambia kwamba wengi wao hawana kazi, mgodi umefungwa. Alifikiri kidogo, akasema, «Basi kazi iko, ila ni ya usiku.»

Msomaji wa nchi hii hahitaji kufafanuliwa. Imani ya msukule imeenea sana katika Usukuma na nje yake: mtu adhaniwaye amekufa, kumbe amefichwa analima shamba la mwingine usiku, au mtu aliye hai, alalaye kitandani mwake na kuamka na mwili mzito kama aliyepalilia usiku kucha, naye hushuku kwamba ametumikishwa. Si kazi yangu kuuliza kama mambo hayo hutokea. Mhakiki aona kwamba imani hiyo ni fikira juu ya kazi: kwamba yaweza kuwako mali inayoongezeka bila jasho lionekanalo, na jasho lisilo na mali, na kwamba mtu mwenye akili akiona vyote viwili katika kijiji kimoja hutafuta njia ya usiku inayoviunganisha. Waandishi wa Bethesda, ambao sidhani walipata kulisikia neno msukule, wamefika katika fikira hiyo hiyo kwa njia yao.

Na hapa ndipo mshono unapoonekana. Katika kijiji kimoja cha Raven Rock wametia mambo mawili: mchana mgodi umefungwa na watu hawana kazi, usiku watu hao hao hufanya kazi kwa ajili ya bwana wasiyemjua. Hili lingekuwa shairi moja. Wao wakalifanya vitabu viwili katika orodha ya safari za mchezaji. Waweza kumaliza habari za Crescius pasipo kuligusa jiwe, na waweza kulivunja jiwe pasipo kumjua Crescius. Mchezaji akilikemea jiwe kwa neno la nguvu, wachawiwa huzinduka, zimwi hutokea na kuuawa, kisha kila mtu hurudi nyumbani. Hakuna aulizaye ni usiku mingapi. Hakuna asemaye kwamba kitu kile kilichojengwa na mikono yake ni cha nani sasa. Na Kampuni iliyomtumia Gratian na kuficha kifo chake, na Miraak aliyewatumia wajukuu wa wale waliobaki, hawasimamishwi kamwe upande kwa upande, ijapokuwa wako umbali wa mwendo wa dakika mbili.

Nitaambiwa kwamba nadai mchezo uwe kitabu cha elimu ya uchumi. La. Nadai ukumbuke kile ambacho wenyewe ulikijua mwaka 2003, ulipojua kuhesabu mzigo. Aongezaye juu ya utungo hana budi kuchukua na vina vyake.

Kuna mtu mmoja katika kisa hiki ambaye natamani wasomaji wa kurasa hizi wamtazame kwa makini. Ni Neloth, mchawi mwanachuoni, aliyekuwamo hata katika Morrowind ya mwaka 2002. Mara ya kwanza tunapomwona katika Dragonborn amesimama kando ya jiwe, akiwatazama watu waliolala wakifanya kazi. Hawazuii, hawasaidii, hawaamshi. Jambo lenyewe lamvutia mno, na anataka kuona litakwendaje. Waandishi wamemfanya achekeshe, na kweli anachekesha. Nilicheka pia, mpaka nilipokumbuka kwamba mimi nami nilikuwa na daftari mezani.

Rwamgasa imetazamwa sana. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, wataalamu walikuja wakapima udongo, mito, samaki na miili ya watu, na jina la kijiji likaingia katika majarida ya sayansi. Haki isemwe: wale hawakuwa Neloth. Waliotazama walitaka pia kufundisha jinsi ya kuchoma dhahabu pasipo kuvuta mvuke wake, na kazi yao imo katika mambo yaliyoutangulia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Hata hivyo zebaki ingali inakamuliwa kwa mikono mitupu, kwa sababu ni rahisi kupatikana na hutoa dhahabu siku hiyo hiyo, na mwenye njaa ya leo hawezi kungojea mtambo wa kesho. Hadithi ya kubuni ambayo ingetaka kusema neno juu ya machimbo ingepata hapa kitu chenye uchawi wa kutosha: maji ya fedha yalalayo kiganjani, yanayoikumbatia dhahabu na kuondoka kwa moshi, na ambayo madhara yake humfikia mtu polepole, katika kutetemeka kwa vidole. Isingehitaji upanga wa nuru.

Jirani yangu hakurudi kutazama mwisho. Alikuwa ameingia katika duara jipya, nami nilimaliza peke yangu. Miraak alipokwisha kufa nilirudi Raven Rock, nikashuka mgodini kuona waliorudi kazini. Wachimbaji walikuwako, kila mmoja na sululu yake, wakiupiga mwamba. Nilisimama nikawatazama kwa muda mrefu. Sululu ilipanda, sululu ilishuka. Hapakuwa na mfuko wa mawe, wala mtu wa kuuhesabu, na mwamba haukupungua.